Binti kamaliza HGL, anataka kusomea saikolojia. Kazi zipo, au natupa hela ziwani?

Mzee wa Spea (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Niko Mwanza, nauza spea za pikipiki, mambo ya vyuo vikuu nayasikia kwa majirani tu. Binti yangu kamaliza kidato cha sita, HGL (historia, jiografia na Kiingereza), kapata B mbili na C. Mimi na mama yake tulikuwa tumeshamwona kwenye sheria, au basi ualimu. Juzi kaja na msimamo wake: saikolojia. Nikamuuliza utafanya kazi wapi, akasema "baba, fursa ni nyingi". Jibu hilo hata matapeli wa mtandaoni wanalo.

Sina ugomvi na kozi yenyewe. Ila mkopo usipotoka, ada natoa mimi, kwa hiyo nina haki ya kuuliza. Nataka waliosoma waniambie: anafundishwa nini hasa? Akimaliza anaitwa nani? Na nani anamwajiri? Wenye utani mje, lakini mpite upande.

Tabata Relini

Mkuu hiyo kozi ni tiketi ya Mirembe. Anaingia mwanafunzi anatoka mgonjwa 😂 Halafu akirudi likizo atakusoma mawazo yako yote, jiandae.

Nesi wa Zamu

Mirembe ni hospitali ya taifa ya afya ya akili, iko Dodoma, na kuna watu wanasomesha watoto wao kwa mshahara wa pale. Kwa utani kama huu, watu wanaona aibu, wanamficha ndugu yao ndani mpaka hali inakuwa mbaya ndipo wanamleta Dodoma. Turudi kwa swali la mzee.

Bint Kasulu

Shikamoo mzee. Nimesoma saikolojia, nimeifanyia kazi, na sasa naisoma tena ngazi ya masta. Nitaandika kirefu, utanisamehe.

Kwanza jina, maana hapo ndipo wazazi wengi wanapouziwa mbuzi kwenye gunia. Kuna watu watatu tunaowachanganya. Kuna daktari wa magonjwa ya akili: huyu kasoma udaktari miaka 5, kafanya mwaka wa mazoezi hospitalini, kisha karudi shule kubobea. Ndiye anayeandika dawa. Kuna mwanasaikolojia tiba: haandiki dawa, anapima na kutibu kwa mazungumzo yenye utaratibu wake, na huyo ana masta, kama ile ya MUHAS, chuo kikuu cha afya pale Muhimbili. Halafu kuna mwenye digrii ya kwanza ya saikolojia. Huyo wa tatu ndiye atakayekuwa binti yako akimaliza. Si mwanasaikolojia tiba bado. Anajua mengi, anaweza kuajiriwa, lakini akifungua ofisi na kuanza kutibu watu wenye sonona kali kwa digrii hiyo peke yake, anawahatarisha wao na yeye mwenyewe.

Sasa kinachofundishwa. Mwaka wa kwanza ni mtamu. Utaambiwa habari za Wundt na maabara yake ya Leipzig mwaka 1879, Freud, Pavlov na mbwa wake, Skinner, Piaget na hatua za ukuaji wa mtoto. Utasoma kumbukumbu inavyofanya kazi, mtu anavyojifunza, kundi linavyobadilisha tabia ya mtu mmoja. Wanafunzi wanaipenda sana hatua hii, wanaanza kumpima kila mtu hosteli. "Wewe una tatizo la malezi." Inapita.

Kisha takwimu zinaingia. Mzee, watoto wa HGL na HKL wengi huwa wanadhani hesabu waliziacha kidato cha nne. Hesabu zinawasubiri hapa, na sapu (mtihani wa marudio) mkononi. Kuna mbinu za utafiti, kuna vipimo vya takwimu, kuna SPSS (programu ya kuchambua takwimu), kuna namna ya kutengeneza dodoso na kuthibitisha kwamba linapima kile unachodai linapima. Mwaka wa mwisho kuna utafiti wake mwenyewe. Wengi wanapita sehemu hii kwa madesa na msaada wa rafiki, wakisubiri yale masomo ya "ushauri nasaha". Kwa maoni yangu wanajinyima kitu pekee kwenye digrii hii ambacho soko linakilipia mara moja. Ukimaliza, hakuna atakayekuuliza Freud alisema nini. Utaulizwa: unaweza kukusanya taarifa kwa watu mia tatu, kuzisafisha na kutuambia zinasemaje?

Jambo jingine asiambiwe na mtu mwingine akashtuka: sehemu kubwa ya alichoandikiwa vitabuni imepimwa kwa watu wa Ulaya na Marekani, tena wengi wao wanafunzi wa vyuo. Mwaka 2010 Henrich, Heine na Norenzayan waliandika makala maarufu kuhusu hilo, wakasema wazi kwamba watu wale si kipimo cha binadamu wote. Mwalimu mzuri atalileta darasani. Asipolileta, binti alitafute.

Mzee wa Spea

Marhaba mwanangu. Nimekuelewa mpaka kwenye majina. Sasa kama digrii ya kwanza haimfanyi daktari wala mtabibu, si bora akasome ualimu akaajiriwe?

Bint Kasulu

Hapo ndipo penye jambo, mzee: anaweza kupata vyote viwili. Usiangalie neno "saikolojia" peke yake kwenye orodha ya kozi, angalia maneno yanayolitangulia. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wana shahada ya elimu katika saikolojia. Hiyo ni digrii ya ualimu: ana saikolojia, ana somo la kufundishia, anaenda mazoezi ya kufundisha. Njia hiyo inaelekea shuleni na vyuo vya ualimu, ambako somo la saikolojia ya elimu linahitaji wakufunzi. Kwingine utakuta saikolojia imekaa upande wa sanaa na sayansi ya jamii, bila ualimu ndani yake. Nafasi za ualimu zikitangazwa kwenye mfumo wa ajira serikalini, huyu wa pili haombi. Na huyu wa kwanza akitaka masta ya saikolojia tiba, inabidi asome sifa za kuingilia mapema, maana kila programu ina masharti yake.

Fungua kitabu cha mwongozo wa udahili cha TCU, tume ya vyuo vikuu, cha mwaka huu, kipo bure mtandaoni, mkae wote wawili mkisome. Kwa B mbili na C ana pointi 11, hatakosa pa kuingia. Asiingie tu kwa kubahatisha.

Kibanda cha Miamala

Mzee, mimi nasema kinyume. Nina hiyo digrii, tena siyo ya ualimu. Nilimaliza na GPA nzuri tu. Leo nina kibanda cha kutuma na kutoa pesa, na ndicho kinachonilisha. Chuo nilichosoma, ambacho sitakitaja, kilitupeleka fildi kwa barua ya "To whom it may concern", kila mtu akajitafutie. Mimi niliishia masjala ya ofisi moja nikipanga mafaili. Ndiyo "mazoezi ya saikolojia" hayo. Ajira portal nimeomba mpaka vidole vimechoka, kila tangazo linataka ustawi wa jamii, au rasilimali watu, au uuguzi. Saikolojia inatajwa kwa bahati. Bumu liliisha, deni la bodi ya mikopo lipo.

Asome chochote ambacho jina la kazi na jina la digrii ni kitu kimoja. Nesi ni nesi. Mhasibu ni mhasibu.

Nesi wa Zamu

Kuna ukweli mkubwa hapo. Kwenye wodi yetu muundo wa ajira unataja daktari, muuguzi, ofisa ustawi wa jamii. Mwenye digrii ya kwanza ya saikolojia akija kujitolea tunamfurahia, lakini hatuna kiti cha kumkalisha rasmi. Anayetaka hospitali asome huku akijua masta ni lazima.

Bint Kasulu

Nakubaliana na Kibanda kwenye fildi kuliko kwenye hitimisho lake. Fildi ndiyo digrii yenyewe. Mwenzangu aliyefanya mazoezi yake kwenye kituo cha methadoni (dawa ya kuwasaidia watu kuacha heroini) na mwenzangu aliyepanga mafaili wana cheti kimoja, lakini si watu sawa sokoni. Muhimbili walianza kutoa methadoni mwaka 2011, baadaye vituo vikaenea. Mtu aliyekuwa anatumia heroini anakuja kila siku kunywa dawa, lakini dawa haimrudishi kwa mkewe wala haimpi kazi. Hapo anahitajika mtu wa kukaa naye wiki baada ya wiki. Zanzibar na bara kuna soba hausi, nyumba za kuwasaidia watu kuacha dawa za kulevya, ambazo nyingi zinaendeshwa na watu waliowahi kutumia wenyewe. Wana uzoefu usionunulika, wanachokosa mara nyingi ni mtu wa kupanga programu, kuweka kumbukumbu na kuandika ripoti inayoeleweka na mfadhili.

Ngoja nieleze kazi yangu ya kwanza, ili binti ajue sura yake. Nilikuwa kambi ya Nyarugusu, wilaya ya Kasulu. Kambi ilianza mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongomani waliokimbia vita, baadaye Warundi wakaongezeka. Nilidhani nitakaa kwenye kiti nisikilize watu kama kwenye sinema. Siku nyingi nilikuwa natembea na daftari. Nilisimamia watoa huduma wa jamii ambao nao ni wakimbizi: wao ndio wanaowajua watu, wao ndio wanaogonga mlango. Mimi nilikuwa nakaa nao kila wiki tunapitia waliyokutana nayo, nani tumpeleke kliniki, nani tumtembelee tena, nani ametulemea.

Tulitumia dodoso la PHQ-9, la kupima dalili za sonona. Maswali 9, unauliza kuhusu wiki mbili zilizopita, kila jibu lina alama kuanzia 0 hadi 3, jumla haizidi 27. Linaonekana rahisi. Swali la 9 linauliza kama mtu amewaza kwamba afadhali angekufa au ajidhuru. Wahitimu wapya wanalipita mbio, wanaona aibu kumuuliza mama mtu mzima swali hilo, au wanaogopa kwamba ukiuliza unampa wazo. Kuuliza hakumpi mtu wazo. Kutouliza ndiko kunakomwacha peke yake nalo. Nilichofundishwa darasani kwa nusu saa kilinichukua miezi kukifanya bila sauti kutetemeka. Na Kiswahili cha Kivu, huko Kongo, si cha Kasulu wala cha Mlimani. Mama akikueleza msiba wake kwa namna yake, unatulia unamfuata yeye, humrekebishi.

Kazi ile iliishia kwenye mkataba. Mashirika yanalipa vizuri kuliko ofisi nyingi, lakini mradi ukifungwa na wewe umefungwa. Mwaka 2025 Marekani ilipokata misaada na kuifunga USAID, wenzangu wengi wa ushauri nasaha, wa VVU, wa kambini, walirudi nyumbani ndani ya wiki chache. Kwa hiyo yeyote atakayemwambia binti "NGO zipo tele" anamsimulia habari za zamani. Zipo, zimepungua, na zinagombewa.

Mtoto wa Umoja

Niko Nairobi, naomba niingilie. Huku kwetu kuna Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya mwaka 2014. Huwezi kujitangaza mshauri au mwanasaikolojia bila kusajiliwa na bodi. Sheria hiyo ilibadilisha mazungumzo. Zamani mtu alifanya kozi ya wiki sita kanisani akafungua ofisi River Road. Siku hizi mwajiri mwenye akili anauliza usajili kabla ya kukuuliza umesoma wapi. Digrii ikiambatana na saa za mazoezi chini ya msimamizi ndiyo inakupa nguvu. Kwa hivyo dada, popote utakaposoma, weka rekodi ya kila saa ya mazoezi na sahihi ya msimamizi. Usingoje kuambiwa.

Pia msiishie kwa matibabu. Darasa letu wengi wako rasilimali watu, utafiti wa soko, kampuni za simu na programu za mikopo, wanaulizwa kwa nini wateja wanaacha kutumia huduma. Makerere nao wana shahada ya saikolojia ya viwanda na taasisi, hiyo kazi yake iko kiwandani na ofisini tangu mwanzo.

Tabata Relini

Sasa niulize la maana, wacha utani. Nimesoma Zimbabwe wamewaweka mabibi kwenye mabenchi nje ya zahanati wanatibu sonona, na imefanya kazi. Kama bibi anaweza, ada ya nini?

Bint Kasulu

Swali zuri kuliko lile la Mirembe. Ni kweli. Ni mpango wa Friendship Bench, alianzisha daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda jijini Harare mwaka 2006. Mwaka 2016 walichapisha matokeo ya jaribio la kliniki 24: waliokaa na mabibi walipata nafuu kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Nchi zetu hazitapata wanasaikolojia wa kutosha kwa miaka mingi, kwa hiyo njia ndiyo hiyo. Kenya kuna Shamiri, wanatumia vijana waliotoka shule juzi kuongoza vikundi vya wanafunzi wa sekondari.

Lakini rudi nyuma ya benchi. Nani aliwafundisha mabibi? Nani anawasikiliza wao wanapobeba maneno ya watu kumi kwa siku? Nani anapokea yule ambaye bibi kaona hali yake imemzidi? Nani alipima mpaka tukajua imefanya kazi? Hizo ndizo kazi zinazokua. Anayesoma saikolojia leo akitegemea kuwa na ofisi yenye kochi atawakuta watu wachache mjini wenye uwezo wa kumlipa, na wameshampata mwingine mwenye masta. Anayejua kufundisha, kusimamia na kupima ana uwanja mpana zaidi, vijijini na mijini.

Kibanda cha Miamala

Hili sikuwahi kuambiwa na mhadhiri yeyote. Mnafundishwa kama wote mnakwenda kukaa kwenye kochi.

Mdau wa Leicester

Kwa wanaowaza kwenda nje baadaye: Uingereza digrii ya kwanza inahesabika kama mlango tu. Ukiwa na iliyotambuliwa na chama cha wanasaikolojia cha huku, BPS, unapata msingi wa kuomba hatua zinazofuata. Mwenye digrii ya kwetu anaomba itathminiwe, na wengi hulazimika kufanya masta ya kubadilisha fani kwanza. Kuwa mwanasaikolojia tiba ni uzamivu wa miaka mitatu, wanaopata wanalipwa na NHS, huduma ya afya ya serikali, huku wakisoma, na ndiyo maana ushindani wake unatisha. Cheo hicho kinalindwa kisheria. Marekani ni hivyo hivyo: uzamivu, kisha leseni ya jimbo. Asije mtu akauza shamba akidhani atatua Heathrow na cheti cha Dar aanze kutibu.

Wabongo wengi ninaowajua huku wenye digrii ya saikolojia wako kwenye nyumba za huduma na hospitali za afya ya akili kama wasaidizi. Kazi ya heshima, ila si ile waliyoisomea.

Mwanamlimani

Naongezea moja dogo: watu wetu wanaanza kwa sheikh, mchungaji au mganga kabla ya kliniki. Mhitimu anayewadharau hao hapati mgonjwa. Nimemwona dada mmoja Tanga anakunywa kahawa na masheikh kila Ijumaa mchana, na rufaa zake nyingi zinatoka pale barazani.

Mzee wa Spea

Nimesoma yote, nimemsomea na mama yake. Binti yuko hapa pembeni, anasema Bint Kasulu amuelekeze afanyeje kabla ya dirisha la udahili kufungwa. Mimi bado moyo uko kwenye ile ya ualimu, yeye anataka ile nyingine ili aende Muhimbili masta. Tunavutana, lakini sasa tunavutana tukijua tunavutania nini.

Bint Kasulu

Mzee, usimlazimishe ualimu kama hataki kusimama darasani, mwanafunzi ataumia kuliko yeye. Ila mwambie akiichagua ile nyingine, amechagua miaka mitano au zaidi ya kusoma kabla ya kuitwa jina analolitaka, na mkae mpange hela ya masta tangu leo. GPA isishuke chini ya 3.5, hata kama tangazo la masta linakubali ya chini yake, kwa sababu wanaoomba ni wengi.

Kabla ya kujaza fomu apige simu idarani, siyo ofisi ya udahili. Aulize wanafunzi wa mwaka wa tatu walifanyia wapi fildi mwaka jana. Wakitaja vituo, wodi, shule, mashirika, vizuri. Wakisema "wanajitafutia", ajue hadithi ya Kibanda inamsubiri, na aanze kujitafutia yeye mwenyewe kuanzia likizo ya mwaka wa kwanza. Hapo Mwanza kuna hospitali ya Bugando, wana idara ya magonjwa ya akili. Aende aombe hata kujitolea kwenye likizo. Wakimkatalia, arudi na barua ya chuo.

Na takwimu asizikimbie. Aanze kabla ya chuo.

Mzee wa Spea

Anauliza hizo takwimu anaanzaje hapa nyumbani. Na mimi nauliza, hiyo SPSS inauzwa bei gani? Nina kompyuta ya mtumba dukani, ya kuandikia risiti.

Bint Kasulu

Asinunue SPSS mzee, atatumia ya chuoni. Apakue JASP au R, zote bure. JASP ni nyepesi kwa anayeanza. Kisha achukue daftari lako la mauzo ya mwaka mzima, aliingize kwenye kompyuta, atafute mwezi gani spea zipi zinatoka zaidi na kama tofauti hiyo ni ya kweli au ni bahati tu.

Mzee wa Spea

Daftari limechanika kurasa za Machi na Aprili.

Bint Kasulu

Hilo nalo lina somo lake, linaitwa data zilizokosekana. Ataliona mwaka wa pili.